Kaburi la Bugomola: Kwa Baiskeli Kutoka Shinyanga Hadi Chato

Wanakwaya wenzangu, kila nikiingia mazoezini mnanikalisha nianze upya, na kila mara mwalimu wa kwaya anatukatiza nikiwa nimefika Mwakitolyo. Nimeona bora niandike yote mara moja. Atakayesoma ampe mwenzake, na wale wa sauti ya tatu waache kusambaza habari kwamba tulikamatwa na polisi. Hatukukamatwa na polisi. Tulikamatwa na mwenyekiti wa kijiji, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwa wasiomjua Nargis: ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Ukoo wao ni wa Wahindi Waislamu wenye duka la vipuri vya baiskeli hapa Shinyanga mjini, na siku hizi yeye ndiye anayekaa kaunta. Kisukuma anakijua kunishinda mimi Msukuma, kwa sababu mimi nilikulia kota za walimu na yeye alikulia dukani. Baba yake, Mzee Akbar, alizaliwa Bugomola, senta ndogo iliyo upande wa kwenda Geita, enzi babu yake Nargis akiuza nguo na kununua pamba huko. Mama yake Mzee Akbar alifariki siku chache baada ya kumzaa, akazikwa hukohuko. Mtoto alinyonyeshwa na jirani, mwanamke wa Kisukuma aliyekuwa na kichanga chake. Alipoanza kukimbiakimbia, babu akahamia Shinyanga na mtoto wake. Hawakurudi tena.

Sasa mwaka huu tukasikia dhahabu imeonekana Bugomola, na watu wanachimba mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba. Mzee Akbar, ambaye magoti hayamruhusu tena kusafiri, alimwita Nargis akamwambia, "Sijawahi kukuomba jambo kubwa. Nenda kaniangalizie kama mama yangu bado yupo pale alipolazwa."

Watoto wetu walitaka tupande basi. Lakini Nargis na mimi tumezoea, kila nikiwa likizo, kuzunguka kwa baiskeli tukitafuta majabali na ikulu za zamani za watemi. Isitoshe, Mzee Akbar hakujua barabara ya Bugomola. Alichokuwa nacho ni njia aliyosimuliwa na baba yake: shika jabali lenye mashimo ya bao, vuka mbuga, pita ikulu ya mtemi, kisha utaona mlima wenye nundu mbili. Dereva gani wa basi utamwelekeza hivyo?

Shinyanga hadi Mwakitolyo

Tuliondoka asubuhi, na pancha ya kwanza tukaipata kabla ya kutoka mjini. Miiba ya mbigili. Baba Shija, mume wangu, aliyekuwa ametusindikiza kwa pikipiki ili atuombee safari njema, aliishia kutuombea huku ameshika pampu.

Baada ya hapo njia ilikuwa tamu. Mchanga mgumu, mashamba ya pamba kulia na kushoto, na ng'ombe wanaojua zaidi yetu nani apishwe. Jabali la Mzee Akbar tulilikuta mahali pake, kubwa kama darasa, na juu yake mashimo ya bao yaliyochongwa na watu ambao hakuna anayewakumbuka. Wasukuma bao tunaliita isolo. Tulikaa tukala michembe, yale matoborwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na Nargis akaanza kuokota vijiwe ili tucheze kidogo tu.

Hapo ndipo akatokea Maganga, mchungaji wa makamo mwenye fimbo begani na redio shingoni. Alitusalimia, akatazama mchezo wetu kwa huruma, akauliza, "Huyu mama wa Kihindi amefundishwa na nani?"

"Na wateja," Nargis akamjibu kwa Kisukuma. "Kaa nikuonyeshe."

Maganga alikaa. Alifungwa mchezo wa kwanza, akasema jua lilikuwa machoni. Wakabadilishana upande, akafungwa wa pili. Alipofungwa wa tatu ng'ombe wake walikuwa wameshaingia shamba la mtu, na sisi wote watatu tukaondoka mbio kuwatoa, mimi nikipiga miluzi ambayo ng'ombe hawakuielewa. Mwenye shamba, mama mmoja mkali, alitugombeza sote kwa usawa, kisha akatupa maji ya kunywa. Hivyo ndivyo tulivyochelewa.

Mwakitolyo tuliingia jua likielekea kuzama. Unaanza kuisikia kabla ya kuiona: mashine za kusagia mawe zinanguruma, muziki wa vibanda unashindana nazo, na vumbi jeupe limewakalia watu mpaka kope. Kwenye nyumba ya wageni mwenyeji aliitazama mizigo yetu akauliza kwa sauti ya chini, "Mna mawe?"

Nargis mwaka jana alitibiwa mawe ya figo. Akashangaa habari zimefikaje huku, lakini ni mtu wa adabu, akajibu, "Nilikuwa nayo, ila yalishatoka yote."

"Yalitoka wapi?"

"Upande wa kushoto."

Yule bwana akasogea karibu. "Yalikuwa mengi?"

"Matatu. Makubwa. Nililia, kaka yangu."

"Ukayapeleka wapi?"

"Daktari aliyachukua."

Ilinibidi niingilie kati, maana yule bwana alishaanza kumlaani daktari. Huko ukisema mawe unamaanisha mawe ya dhahabu, yale yanayosubiri kusagwa. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake asubuhi alimtambulisha Nargis kwa kila mtu kwenye chai kama mama mwenye mgodi wake mwenyewe.

Mwakitolyo hadi Bugomola

Mbuga aliyoitaja Mzee Akbar ipo, na siku ile ilikuwa imenyeshewa. Mnaujua ule udongo mweusi: ukikauka unapasuka, ukilowa unashika gurudumu kama mkwe anayedai mahari. Tulishuka, tukasukuma, tukashindwa kusukuma, tukabeba. Nargis alipoteza kiatu kimoja. Tulikitafuta kwa mikono kama wavuvi wa kambare na hatukukipata, akavaa ndala zake za kuogea mpaka mwisho wa safari.

Ng'ambo ya mbuga tulipata ikulu ya zamani ya mtemi. Kilichobaki ni uzio wa minyaa iliyorefuka kupita kiasi, duara la mawe ya msingi, na uwanja ulioshindiliwa sana na miguu ya watu wa zamani hata leo majani hayaoti vizuri. Pembeni anaishi mama mmoja anayelima mtama. Aliacha jembe akatutembeza kama mwenye nyumba: hapa palikuwa na ngoma, hapa walikaa wake wa mtemi, hapa hapakanyagwi. Pale pasipokanyagwa sisi wote tulipazunguka, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alitupakulia ugali wa mtama, majani makavu ya kunde na maziwa mgando, akasema Bugomola ni hapo tu.

Hapo tu ilituchukua muda wote wa mchana. Shida ilikuwa mlima. Tuliangaza macho kutafuta nundu mbili, na kila mlima tuliouona ulikuwa na nundu moja. Tulimuuliza mtu wa kwanza akatupeleka kushoto, wa pili akatupeleka kulia. Wa tatu, mwuza mkaa, alituambia tugeuke nyuma. Kumbe tulishaupita. Ukija na njia ya zamani ya wasafirisha pamba, ile aliyoisimulia babu, unaona nundu mbili. Ukipotea njia kama sisi, moja inajificha nyuma ya nyingine.

Bugomola

Bugomola ya sasa ni turubai. Turubai za buluu na nyeusi, kamba, winchi za miti, na mashimo marefu wanayoyaita maduara, hata kama ni ya mraba. Katikati ya hayo yote kuna senta yenyewe: vibanda, msikiti mdogo, kanisa, na majengo machache ya zamani yenye baraza na milango ya mbao.

Tulisimama kwa mwuza maandazi. Nargis, kwa Kisukuma chake safi, akasema tunatafuta nyumba ya zamani sana, na nyuma yake pawe na kaburi.

Soga zikakatika. Mtu mmoja akaondoka haraka. Mwingine akauliza tuna kipimo cha kutafutia madini cha aina gani ndani ya begi. Kabla hatujamaliza chai akaja mwenyekiti wa kijiji, Bwana Shigela, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akiwa na mgambo wawili na umati nyuma yake.

"Mama zangu," akasema, "baiskeli zitakaa ofisini kwangu. Na nyinyi mtakaa nami kidogo."

Ofisini tuliambiwa kosa letu. Miezi iliyopita walikuja watu wapole kama sisi, wakauliza nyumba za zamani na makaburi, wakisema ni watafiti. Walikuwa wanatafuta mali inayosemekana Mjerumani aliizika. Walichimba chini ya ukuta wa kanisa, ukuta ukaanguka, wakakimbia.

"Sisi ni wanawake watu wazima," nikasema. "Mwenzangu amevaa ndala."

"Hata wale mmoja alikuwa amevaa ndala," akasema Bwana Shigela.

Nargis akaeleza habari za babu yake mwenye duka. Bwana Shigela akasema wenye maduka wa Kihindi walikuwa watatu, na kila anayekuja hapa kutafuta hazina husema ni mjukuu wa mmoja wao. Dirishani watu walikuwa wamejaa. Niliona uso wa rafiki yangu umebadilika. Tangu Shinyanga alikuwa anatania. Sasa alishika ukingo wa meza.

"Basi nitakuambia kitu ambacho hakina faida kwa mtafuta mali," akasema. "Bibi yangu alikufa kwa uzazi. Baba yangu alinyonyeshwa na jirani hapa. Yule jirani akampa jina la Kisukuma, Mayunga, kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu wa safari. Baba yangu yuko hai, ni mzee, na anauliza kama mama yake ameshachimbwa. Ni hilo tu."

Dirishani mtu akasema, "Mayunga?" Alikuwa yule mama mwuza maandazi. Aliingia bila kuruhusiwa, unga ukiwa mikononi. "Mayunga aliyenyonya na shangazi yangu Nkwimba?"

Anaitwa Mama Limi. Alitushika mikono, mmoja huku na mwingine huku, akatupitisha katikati ya umati hadi nyuma ya jengo moja la zamani. Palikuwa na shamba dogo la mihogo. Kushoto kwake duara, kulia kwake duara, na nyuma rundo la kifusi refu kuliko nyumba. Katikati ya mihogo kulikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Lilikuwa limefagiwa. Alama za ufagio zilionekana bado mchangani.

Nargis alisimama kwa muda. Kisha akavua ndala, akajifunika kichwa vizuri, akanyanyua mikono akasoma Fatiha. Alipomaliza akachuchumaa akalia kama mtoto, na Mama Limi akachuchumaa karibu naye.

Habari yenyewe alitusimulia Mama Limi palepale. Mwanamke aliyemnyonyesha Mzee Akbar aliitwa Holo, na kichanga chake mwenyewe wakati ule alikuwa binti, Nkwimba, aliyemtangulia Mzee Akbar kuzaliwa kwa miezi michache. Holo alilitunza kaburi la jirani yake maisha yake yote, na alipokaribia kufa akamkabidhi Nkwimba. Dhahabu ilipoonekana, wachimbaji walifuata mkondo wa mwamba moja kwa moja hadi kwenye mihogo. Bibi Nkwimba akaleta kigoda, akakaa juu ya ule mkondo, mbele ya kaburi.

"Akawaambia waanze kumchimba yeye," akasema Mama Limi. "Walidhani atachoka. Alikaa hapo msimu mzima wa mvua, na mwavuli. Mimi nilikuwa namletea chakula."

Mmoja wa wachimbaji, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya taa, alikuwa amesimama karibu. Akakuna shingo. "Tulihama upande," akasema. "Yule bibi tungemfanya nini."

Lakini mashimo ya pande zote yalipasua kuta za nyumba yake, na mwanawe Masunga, mvuvi, akaja kumchukua kwa nguvu ya upendo akampeleka Chato. Kabla ya kupanda gari bibi alimpa Mama Limi ufagio.

Tulimpigia Mzee Akbar. Nargis alimweleza yote. Kisha tukamsikia. "Nkwimba yupo? Tulikuwa tunalala mkeka mmoja." Akaendelea: "Nargis, hapo Bugomola umemaliza. Nenda Chato."

Bwana Shigela aliturudishia baiskeli zikiwa zimeoshwa. Mama Limi alitupa kuku jike mwekundu, hai, tumfikishie shangazi yake, kwa sababu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu.

Bugomola hadi Geita

Kuendesha baiskeli na kuku kwenye keria ni kazi ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anakuja nyuma akimtuliza kuku. Vilima vinaanza, barabara inakuwa nyekundu, malori yanapita na upepo wao, na kila lori lilipopita yule kuku alilalamika kama mama mwenye nyumba. Mahali fulani kwenye mteremko alitaga. Yai lilidondoka kwenye kofia yangu niliyoifunga hapo nyuma, zima kabisa, na tukalichemsha kwa mama ntilie tukagawana.

Geita mjini, nyumba ya wageni ilikataa kuku chumbani. Tulikubaliana alale jikoni, na mpishi, dada mchangamfu mwenye lafudhi ya Kizinza, akatuhakikishia tusiwe na wasiwasi, atamshughulikia mwenyewe.

Asubuhi tuliletewa supu ya kuku.

Hakuna aliyenyanyua kijiko. Nargis aliitazama ile supu, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kisukuma tutamwambia nini Bibi Nkwimba. Mimi nilienda jikoni miguu mizito. Kuku wetu alikuwa chini ya meza anadonoa wali wa jana, na dada akaniuliza kama supu imepungua chumvi.

Geita hadi Chato

Nitaruka kuelezea vilima vya njiani, maana miguu yangu bado haitaki vitajwe. Ila ziwa mtu hawezi kuliruka. Lilitokea upande wetu wa kulia bila kutangaza, pana na la kijivu, na harufu ya dagaa ikatufikia kabla ya upepo wake.

Tulimuuliza mwuza sato kama anamjua Masunga mwenye mama mzee kutoka Bugomola. Akacheka. "Yule bibi anayewafundisha wavuvi kuanika dagaa? Nendeni tu, mtamsikia."

Tulimsikia kweli. Alikuwa amekaa chini ya paa la bati, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, anachambua dagaa na kumkaripia mkwewe kuhusu mchanga. Nargis akapiga goti kumsalimia. Bibi Nkwimba akamkazia macho, akatazama pua, akatazama masikio, akaacha kuchambua.

"Wewe ni wa Mayunga," akasema kwa Kisukuma.

"Ndiyo, Shangazi."

"Amekufa lini?"

"Hajafa. Yuko Shinyanga. Magoti ndiyo yamekataa."

Bibi akakung'uta mikono polepole. Aliuliza kama anakula vizuri, ana watoto wangapi, kama bado akilala anakunja miguu. Nargis alicheka na kulia kwa pamoja, akasema ndiyo, bado anakunja. Kisha bibi akauliza swali nililokuwa naliogopa: kwa nini hakuwahi kuja.

"Alidhani hakuna aliyebaki," Nargis akasema. "Aliambiwa hivyo na babu, akaona aibu kuja kusumbua watu wasiomjua."

"Na mimi nilidhani amekufa," akasema Bibi Nkwimba. "Ndiyo maana nilifagia. Nilisema, huyu mama hana mtoto wa kumfagilia."

Nargis akatoa simu ampigie baba yake. Bibi akaisukuma pembeni. Alisema mtu aliyenyonya naye ziwa moja hawezi kumsemesha kwa kitu cha sikioni kana kwamba anaagiza sukari. Akamwita mkwewe amletee kanga nzuri, akatuuliza basi la Shinyanga linaondoka saa ngapi. Masunga aliporudi ziwani alikuta mama yake ameshafunga mzigo na amemkabidhi mjukuu yule kuku.

Kurudi Shinyanga

Baiskeli zilipanda juu ya basi na sisi tukapanda ndani. Bibi Nkwimba alikaa dirishani, akatutajia kila mlima hadi Geita, kisha akalala mpaka Kahama. Safari yetu yote ya jasho ilirudi nyuma kama mtu anayekunja mkeka.

Mzee Akbar alikuwa amekaa barazani mbele ya duka. Alikuwa amevaa kanzu mpya, na amenyoa. Watoto wake, wajukuu, wafanyakazi wa dukani na nusu ya mtaa walikuwa hapo. Mnamjua Mzee Akbar: pale mtaani hakuna mtu asiyemwamkia, hata mashehe, hata mchungaji wetu. Wakubwa wake wote walishatangulia. Kwa miaka mingi mimi sijamsikia akiitikia jingine ila marahaba.

Bibi Nkwimba alishuka kwenye bajaji, akanyoosha kanga yake, akamwendea mpaka akasimama mbele yake. Alikuwa anasubiri, kama mkubwa anavyosubiri.

Mzee Akbar alishika mikono ya kiti. Vijana wakasogea wamsaidie akawakataza kwa kichwa. Akasimama kwa magoti yake yale, akainamisha kichwa, na sauti ikamtoka nyembamba:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mayunga," akasema Bibi Nkwimba. "Kaa sasa."